Chui Aliyejaza Ubao

Rangi ya mafuta haitaki haraka. Ukifungua kopo lililokaa siku mbili tatu, juu utakuta utando. Anayeijua kazi hautoboi wala haukorogi. Anauinua kwa ncha ya kijiti, kama mtu anayeengua maziwa, anauweka pembeni. Ndipo anakoroga polepole mpaka chini kabisa, kwa sababu rangi yenyewe imezama na juu yamebaki mafuta. Brashi inachovywa ncha tu. Tone halipakwi, linatuliwa, na likishatua linajitandaza lenyewe, linabaki limetuna kidogo na kung'aa. Hilo ni doa moja la chui. Chui ana mamia.

Nilikaa asubuhi nzima Oysterbay, Dar es Salaam, kwa wachoraji wa Tingatinga, nikimtazama kijana mmoja akimvisha chui madoa yake. Alikuwa amelaza picha mezani, maana ukiisimamisha rangi inateremka. Alianza mgongoni. Madoa ya mbavuni aliyafanya makubwa na yenye nafasi, na kadiri alivyoshuka kuelekea miguuni yakawa madogo na kusongamana, na mwili uliokuwa bapa kama sahani ukaanza kuviringika mbele ya macho yangu. Hakuweka kivuli hata kimoja. Mviringo wote ule ulitoka kwenye ukubwa wa madoa. Katikati ya kazi mdudu alinasa kwenye rangi. Hakumfuta. Alimwacha akauke pamoja na rangi, ili baadaye amwondoe kwa ukucha bila kuacha kovu.

Kila nikitazama kazi hii namkumbuka aliyeianza, na huwa namfikiria akiwa nyumbani, si kwenye jumba la maonyesho. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Kama vijana wengi wa Kusini wa enzi zake, alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam, akatumika majumbani mwa Wazungu na kushika vibarua vya hapa na pale. Alipoanza kuchora, mwaka 1968, alikuwa mtu mzima wa miaka 36. Baadaye akaajiriwa hospitali ya Muhimbili, lakini hakuacha kuchora. Alikuwa na mke, Agatha, na watoto wawili. Picha ziliuzwa pale Morogoro Stores, ambako Wazungu wa Oysterbay walikuwa wakinunua mahitaji yao.

Alichora kwa vitu vya duka la vifaa vya ujenzi. Ubao wake ulikuwa hadibodi, ile ya kupigia dari, iliyokatwa mraba wa kama futi mbili kwa mbili. Rangi yake ilikuwa ya kupakia baiskeli. Watu wanaposimulia habari hii huitaja kama ishara ya umaskini, kwamba masikini hakuwa na rangi za kisanii. Mimi naona wamepita juu ya jambo lenyewe. Rangi ile ina tabia zake, na yeye alizisoma tabia hizo mpaka zikawa sheria za uchoraji wake.

Tazama. Mchoraji wa rangi za msanii anaweza kuchanganya nyekundu na njano palepale kwenye picha mpaka zikayeyukiana, akapata machweo. Rangi ya baiskeli hairuhusu hivyo kirahisi. Mbichi ikigusana na mbichi zinaingiliana ovyo na kuchafuana, na ukipaka nene mno uso wake unajikunja kama ngozi ya kizee. Kwa hiyo kila rangi lazima imngoje mwenzake akauke. Kwanza uwanja wa nyuma, rangi moja, mpaka kwenye kingo. Unakauka. Kisha mwili wa mnyama. Unakauka. Kisha madoa, kisha mstari wa pembeni, kisha nukta nyeupe juu ya nyeusi. Katika kungoja huko ndiko kunakotoka kila kitu tunachokitambua kuwa Tingatinga: kingo zilizokatika safi, rangi zinazosimama bega kwa bega bila kupotezana, ule mng'ao kama wa maji.

Na mnyama wake anajaza ubao. Nyuma hakuna mlima wala jua linalozama. Pengine pana tawi au majani machache. Yuko yeye tu, chui au fisi au tembo, ndani ya mraba ambao karibu unambana, na mkia unapanda, unajikunja, unakwenda kuziba pengo la kona. Mtu aliyekulia Tunduru hakuwajua wanyama kwa dirisha la gari, akiwa mbali nao. Sidai kwamba ndiyo sababu, ila kila nikimtazama chui wake naona mnyama aliyesogea karibu mno, ambaye huwezi kuona kilicho nyuma yake.

Wasomi wamebishana sana juu ya asili ya picha hizi, wengine wakizihusisha na michoro ya kuta za nyumba kule Kusini. Wabishane. Ninachokijali zaidi ni kibaraza cha nyumba yake, kwa sababu hapo ndipo kazi ya mtu mmoja ilipogeuka kuwa kazi ya ukoo. Tingatinga hakufungua shule. Alichora nyumbani, na jamaa zake wakakaa pembeni yake wakajifunza kwa kutazama na kushika: Simon Mpata, January Linda, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu. Mtu anayepata riziki kwa kitu ambacho yeye peke yake anakijua ana sababu nzuri ya kukificha. Yeye alikigawa kama chakula, kwa waliokuwepo.

Aliuawa kwa risasi mwaka 1972, na polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi, na bado inaniuma: miaka minne, mke kijana, watoto wadogo.

Wale wa kibarazani hawakutawanyika. Waliendelea kuchora, wakafundisha wadogo zao na wapwa zao, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Katika Kiswahili tingatinga lilikuwa, na bado ni, jina la mtambo unaosukuma udongo. Leo ukilitaja neno hilo Tokyo au Copenhagen mtu anaona ndege wa rangi saba. Wapo wanaoziita picha hizi sanaa ya watalii na kuzipita. Ni kweli zipo zilizochorwa mbiombio, madoa yakiwa yamemwagwa tu, na mtu aliyewahi kutazama doa moja likitua vizuri atazitambua kwa mbali. Lakini kosa la picha hizo ni haraka, na haraka si sehemu ya alichokiacha Edward.

Yule kijana wa Oysterbay, nyuma yake alikaa mwanafunzi wa miaka kama 15, akipaka uwanja wa buluu kwenye picha nyingine. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, buluu mpaka kwenye kingo, bila alama ya brashi. Alipomaliza alimwonyesha mkubwa wake. Mkubwa aliinamisha kichwa, akaitazama kwa ubavu ili mwanga uteleze juu yake, akaonyesha kona moja kwa kidole bila kusema neno. Dogo akarudi kwenye kona ile.

Ilipofika adhuhuri chui alikuwa amekamilika kuanzia mkia hadi masharubu, ila mahali pa jicho palikuwa na duara jeupe tupu. Kijana akasafisha brashi kwa kitambaa, akaiinua picha kwa mikono miwili ikiwa imelala vilevile, akaipandisha kwenye rafu ya juu ambako vumbi halifiki.

"Na jicho, mwanangu?" nikamuuliza.

"Jicho kesho, mama. Leo bado mbichi."