Modemu Isiyopiga Usiku

Juzi, kwenye baraza moja hapa Dar es Salaam, nilimsikia mtu mzima akimsifu fundi wa zamani: laini ya seva yake, alisema, haikukatika mchana wala usiku. Waliokuwepo wakaafiki. Nilishindwa kunyamaza. Enzi zile intaneti ilikuja kwa kupiga simu na kila dakika ililipiwa. Laini iliyobaki hewani usiku kucha, kafe ya intaneti imefungwa, ilikuwa inakula pesa za mwenye nayo, na fundi aliyeiacha hivyo alifanya nusu ya kazi.

Kugawia kompyuta kumi modemu moja si kipimo cha ufundi. Kuwasha ip_forward na kuandika mstari mmoja wa MASQUERADE, kijana aliyejifunza wiki mbili anaweza. Tangu kerneli 2.4 ilipotoka mwaka 2001 pamoja na iptables, kazi hiyo imekuwa nyepesi zaidi. Modemu iwe ya nje, yenye taa. Ya ndani inayotegemea prosesa ya kompyuta haina nafasi kwenye seva. Skripti ya chat, inayoiagiza modemu jinsi ya kupiga, iandikwe kwa mkono. Anayeanza na wvdial mimi simwiti fundi.

Ninachotazama ni kimoja: nani anaiamsha laini?

Kwenye pppd, programu inayoendesha laini, umeweka demand, ipige simu pakiwa na haja, na idle 300, ikate baada ya sekunde 300 bila kazi. Wateja wameondoka, kompyuta zimeachwa zinawaka. Dakika tano zinapita, laini inakatika vizuri. Mara modemu inaanza kupiga yenyewe. Hapo mwanagenzi hufurahi kwamba demand inafanya kazi. Aliyepiga ni Windows: inatafuta jina la kikundi chake au seva isiyokuwepo, swali linafika kwenye DNS yako, na kwa kuwa seva haina jibu inalipeleka nje. Kulipeleka nje ndiko kupiga simu. Fundi huziba poti 137 hadi 139 zisifike ppp0, huifanya DNS yake ijibu majina ya humo ndani, na akitumia dnsmasq huandika filterwin2k, ambayo iliwekwa kwa ajili ya balaa hilihili.

Ipo hatua moja zaidi, na wengi hawaifikii. Anwani ya IP uliyopewa sasa hivi, saa moja iliyopita ilikuwa ya mtu mwingine. Wanaomtafuta bado wanakuja kubisha hodi kwako, na kila hodi inairudisha saa ya idle mwanzo. Ndiyo kazi ya active-filter kwenye pppd: kuiambia hodi ipi ihesabiwe kuwa kazi na ipi ni kelele tu.

Fundi aliyenifundisha alikuwa na mtihani wake. Akimaliza, aliwaomba watu wote wainuke, kompyuta zibaki zinawaka, kisha akaagiza chai ya rangi na kuketi mbele ya modemu. Ikipiga kabla hajamaliza kikombe, hakupokea hela. Alirudi kwenye tcpdump, kutazama pakiti ipi imeiamsha laini. Usiku mmoja Kariakoo tulikunywa vikombe vinne.

Matapeli nao nimewaona. Mmoja aliweka ping kwenye cron kila dakika, laini isikatike, akaitwa bingwa. Mwingine alinikera zaidi. Aliandika ATM0, spika ya modemu ikanyamaza, na mwenye kafe, aliyekuwa akilala chumba cha nyuma, hakusikia simu hata moja kati ya zile zilizopigwa usiku. Alizikuta kwenye bili. Tangu hapo, nikiitwa kukagua seva, faili ninalofungua kwanza ni la chat. Nataka M1, spika ilie mpaka modemu zishikane, kila aliyemo ndani asikie pesa inapoanza kuhesabika. Ule mlio wa V.90 naukumbuka mpaka leo. Hakuna router ya sasa inayokuambia ukweli kiasi hicho.

Na seva ile iliyosifiwa barazani niliwahi kuiona. Modemu ilikuwa imefunikwa kitambaa, vumbi lisiingie, na chini ya kitambaa taa ya CD, ile ya laini iliyo hewani, ilikuwa inawaka. Ilikuwa Jumapili, mlango umefungwa kwa kufuli.