Kuuliza Kila Waya

Chini ya usukani wa Toyota iliyoshushwa juzi bandarini Dar es Salaam, ukiondoa mfuniko wa plastiki unaoshikwa na skrubu chache, utakuta fungu la nyaya nene zinazotoka kwenye swichi ya ufunguo. Fundi anayefunga alamu na rimoti ya milango huanzia hapo, na kwa muda mrefu hafungi chochote. Anapima. Ncha nyeusi ya mita ameikita kwenye bodi, nyekundu anaihamisha kutoka waya mmoja hadi mwingine, na kijana wake ameketi kitini akisubiri amri. "Dogo, zima kabisa." Waya wenye volti 12 na ushee hata ufunguo ukiwa mfukoni ni wa betri moja kwa moja. "Weka redio." Mwingine unaamka. "Washa, usipige stata." Unaamka wa tatu. "Haya, piga." Injini inanguruma, na fundi ameshapata jibu: waya wa redio ulikufa kidogo stata ilipozunguka, wa ignisheni haukufa, na wa nne ulipata umeme wakati huo tu, kisha ukalala tena.

Sekunde hiyo ya stata inabeba mengi. Alamu ikiungwa kwenye waya wa redio, kila ukipiga stata itadhani ufunguo umezimwa, na kwa kuwa alamu nyingi hufungua milango ufunguo unapozimwa, utakuta milango inajifungua kila unapowasha gari. Mwenye gari atalalamika kwamba ameuziwa alamu mbovu. Alamu ni nzima. Aliyeifunga hakungoja amri ya nne.

Nawaheshimu sana mafundi hawa, na naona hawapewi heshima inayowastahili. Mteja anaona rimoti inalia "pi-pi" na taa zinapepesa, analipa, anaondoka. Kazi yenyewe imerudishiwa plastiki yake na haionekani. Fundi mzuri wa alamu anaingiza mgeni ndani ya gari lenye taratibu zake, na anafanya hivyo bila kuamini kitu ambacho hajakiuliza mwenyewe. Rangi haziamini. Kwenye boksi la alamu nyekundu kwa kawaida ni chanya na nyeusi ni hasi, lakini zilizobaki kila mtengenezaji ana zake. Kwenye gari, rangi hubadilika kwa modeli na mwaka, na gari lililokwisha kupita mikononi mwa mafundi watatu linaweza kuwa na waya wa kijani uliogeuka wa bluu katikati ya safari.

Lipo pia eneo ambalo haulizi kabisa. Soketi na mirija ya njano chini ya dashibodi ni ya mifuko ya hewa ya usalama, na hata umeme mdogo wa kipimo unaweza kuufyatua mfuko usoni mwake. Vilevile ile testa ya balbu, ambayo wengi wameizoea kwa sababu ni rahisi, anaiweka kando akikaribia nyaya za kompyuta ya gari. Balbu inakula umeme inapowaka, na umeme huo unavutwa kupitia saketi ambazo hazikutengenezwa kuubeba. Mita ya dijitali inasoma karibu bila kula kitu.

Baada ya usukani inakuja milango, na hapa ndipo magari yanapotofautiana. Toyota nyingi zenye sentro loki ya kiwandani zina nyaya mbili nyembamba kwenye swichi ya mlango wa dereva: ukibonyeza kufunga, waya mmoja unagusishwa hasi, ukibonyeza kufungua, wa pili. Alamu basi inatakiwa kutuma hasi ya muda mfupi, chini ya sekunde moja. Gari jingine linataka chanya. Jingine halina kifaa cha katikati, na nyaya zinazokwenda kwenye mota zinakaa hasi zote mbili, kisha mmoja unageuka chanya kwa kufunga na mwingine kwa kufungua. Mercedes za zamani zinafunga milango kwa pampu ya upepo, na zinahitaji amri idumu takriban sekunde tatu na nusu, la sivyo pampu haimalizi kazi. Ukipeleka chanya mahali palipotaka hasi, unaunguza kifaa ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Ndiyo maana fundi anakaa na mita kwenye swichi ya mlango, anabonyeza, anasoma, anabonyeza tena.

Gari lisilo na sentro loki ndilo linaloonyesha mkono wa mtu. Paneli za milango zinatoka, nyuma yake kuna nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi, na nyuma ya nailoni kuna chumba chembamba ambamo kioo kinashuka na kupanda. Mota ya loki inatakiwa kukaa humo, na fimbo yake isukume fimbo ya gari katika mstari uleule. Ikikaa upande itakwama kabla haujapita muda mrefu. Nimemtazama fundi akiishika mota kwa mkono ndani ya mlango, hajatoboa bado, akimwambia kijana ashushe kioo hadi mwisho. Kioo kikateremka na kupita upana wa kidole kutoka kwenye mota. Akaisogeza nyuma kidogo, kioo kikapandishwa na kushushwa tena, ndipo akatia alama kwa msumari na kuchukua drili.

Kisha maji. Mvua ikinyesha, maji huingia mlangoni kupitia ukingo wa kioo, hutiririka ndani na kutokea kwenye matundu ya chini. Mlango umetengenezwa hivyo. Kwa hiyo waya unaoingia humo hauachwi ukaning'inia popote. Unapitishwa kwenye raba ya mikunjo iliyo kati ya mlango na bodi, unaachiwa ulegevu wa kutosha mlango ufunguke wote, na kabla haujaingia kwenye soketi unakunjwa kwa chini ili tone la maji lidondokee kwenye mkunjo. Nailoni inarudishwa na kugandishwa pande zote. Fundi mwenye haraka huichana na kuitupa, na mwenye gari huja kuona zulia limelowa masika bila kujua limelowaje.

Waya unaokatwa ni mmoja tu, wa stata. Zile nyingine zote zinaungwa ubavuni bila kukatwa. Katikati ya ule uliokatwa inaingia rilei, mguu namba 30 upande mmoja na 87a upande wa pili, ambao wakati rilei imelala hugusana. Mguu wa 86 unapewa umeme wa ignisheni, wa 85 unapewa hasi na alamu gari likiwa limefungwa. Uzuri wake ni huu: gari likiwa limeegeshwa rilei haili hata chembe ya umeme, mwizi akigeuza ufunguo ndipo inavuta na kukata njia ya stata, na siku alamu ikifa kabisa, rilei inabaki imelala na gari linawaka kama kawaida. Wapo wanaokata ignisheni au pampu ya mafuta badala ya stata, kwa hoja kwamba gari lenye gia za mkono mwizi anaweza kulisukuma likawaka. Hoja ina ukweli, lakini siikubali. Kifaa kikikosea huku umekata stata, utachelewa kazini. Kikikosea huku umekata ignisheni, injini inaweza kuzima ukiwa Barabara ya Morogoro na lori nyuma yako.

Namna ya kuunga waya ubavuni inastahili kutazamwa kwa karibu. Ganda linachunwa kama sentimita moja na nusu bila kugusa nyuzi za shaba. Nyuzi zinagawanywa kwa ncha kali, tundu linafunguka katikati, waya mpya unapenya na kuzungushwa. Kisha pasi ya kulehemu inawekwa chini, lehemu juu, na joto la shaba lenyewe ndilo linaloiyeyusha ikazama ndani. Inafuata tepu, inayovutwa kidogo inapozungushwa, na mwisho kiungo kinafungwa kwenye fungu la nyaya kisicheze, kwa sababu sehemu iliyolehemiwa ni ngumu na mtikisiko wa barabara huvunja waya pale ugumu unapoishia.

Rimoti yenyewe ina historia inayotuhusu. Zile za zamani zilituma namba ileile kila ukibonyeza, na mwizi mwenye kifaa cha kunasa mawimbi aliinasa na kuirudia ukiwa umeondoka. Moja ya dawa zilizoenea sana, KeeLoq, ilibuniwa Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1980 na Gideon Kuhn, ikaendelezwa katika kampuni ya Nanoteq, na mwaka 1995 Microchip ya Marekani ikainunua kwa zaidi ya dola milioni 10. Namba hubadilika kila unapobonyeza, na boksi ndani ya gari linahesabu sambamba na rimoti. Mwaka 2007 watafiti walionyesha njia ya kuivunja, kwa hiyo hakuna anayepaswa kuiona kama ukuta usiopitika. Watoto wakiichezea rimoti sebuleni hadi hesabu ikapishana kidogo, boksi linavumilia. Ikipishana zaidi ya mibonyezo 16, bonyeza mara mbili mfululizo na vitakutana tena.

Mjini Dar es Salaam hofu kubwa mara nyingi ni kuibiwa vioo vya pembeni na taa. Watu huchongesha namba za gari juu yake. Kwa hiyo kihisi cha mtikisiko kinahitaji subira kuliko kinavyopewa. Kina skrubu ndogo, na fundi anaizungusha kidogo, anafunga gari, anasubiri kihisi kitulie, anagonga kioo cha pembeni kwa kiganja. Kisha anangoja daladala lipite. Gari linalolia kwa kila daladala litaacha kusikilizwa na majirani kabla ya wiki kwisha. King'ora nacho anakiweka mbali na ekzosi, mdomo ukielekea chini.

Mwisho anapima umeme unaoliwa gari likiwa limelala. Alamu inayokula miliampia 20 inachukua karibu nusu ya ampia-saa kwa siku. Gari likikaa mwezi bila kuwashwa, betri ya ampia-saa 45 inapoteza karibu theluthi kwa alamu peke yake. Anamwambia hivyo mwenye gari anayesafiri sana. Anamchorea kwenye karatasi wapi ilipo rilei na wapi ilipo fyuzi, karatasi inaingia kwenye droo ya dashibodi kwa ajili ya fundi atakayekuja. Halafu anaichukua rimoti, anafunga gari, anaitoa rimoti betri, na kumkabidhi ufunguo mtupu. "Mama, fungua gari, uwashe." King'ora kinapiga kelele gereji nzima, mama anapapasa chini ya dashibodi, anakipata kitufe cha dharura alichoonyeshwa, anabonyeza. Fundi anamwambia arudie, safari hii bila kuelekezwa.