Rula Chini ya Jina

Mzee aliyenifundisha kusoma orodha ya wenye hisa alikuwa dalali wa siku nyingi hapa Kampala, mtu asiyejua haraka. Aliweka mezani ripoti mbili za mwaka za benki ya dfcu, moja ya kabla ya 2017 na nyingine ya baadaye, akazifungua kwenye ukurasa ambao wengi wetu huuruka: jedwali la wanahisa wakubwa. Akaweka rula chini ya jina la kwanza, akashika penseli.

“Nani ameondoka?” akaniuliza.

Nilijibu upesi. Norfund ya Norway na Rabobank ya Uholanzi, kila mmoja akiwa na zaidi ya robo ya hisa, hawakuwemo tena. CDC ya Uingereza ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 15 hadi 9.97. Nikasema wageni wanakimbia.

“Hakuna aliyekimbia, mwanangu. Hesabu kwanza.”

Tukahesabu. Norfund na Rabobank walikuwa wameungana na FMO ya Uholanzi kuunda kampuni iitwayo Arise, wakahamishia hisa zao humo. Majina mawili yalifutika, jina moja likazaliwa, na fedha zilikuwa zile zile. Ya CDC ilihitaji penseli. Januari 2017 dfcu iliichukua Crane Bank, na mwaka huo huo ikatoa hisa stahiki, yaani hisa mpya zinazotolewa kwanza kwa wanahisa waliopo, ili kuongeza mtaji. Hisa zake zikatoka takriban milioni 497 hadi milioni 748. Mzee akagawa 497 kwa 748, akazidisha kwa 15. Jibu likatoka 9.97. CDC haikuwa imeuza hata hisa moja; mkate ulikuwa umekua, kipande chake kikabaki kilivyo.

Tangu siku hiyo naiheshimu kazi hii kama ninavyomheshimu fundi saa. Kwa mbali ni tarakimu na majina. Ukiikaribia, unaona kwamba fundi wake kwanza hujizuia kuhukumu.

Rula ikashuka hadi kwenye jina la Kimberlite Frontier Africa, na mkiani herufi RCKM. Huo ni mfuko wa kigeni, jamaa wa karibu wa zile hejifandi za Marekani zinazokusanya fedha za matajiri na taasisi na kuzizungusha duniani. Chini yake palikuwa na wakfu wa Conrad N. Hilton, jina lake likitanguliwa na herufi SSB, na chini zaidi Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Mzee alifafanua polepole: SSB ni benki inayotunza hati kwa niaba ya mwenye mali, na herufi za mkiani hutofautisha akaunti. Asiyejua hilo humtaja mtunza ghala kuwa ndiye mwenye mahindi.

Huko Marekani, meneja anayesimamia hisa za dola milioni 100 au zaidi hutangaza alichoshika kila robo mwaka, ndani ya siku 45. Hata hivyo tangazo hilo halionyeshi hisa alizoziuza kwa kukopa akitarajia bei ishuke, kwa hiyo hata huko msomaji huona upande mmoja wa shilingi. Kwetu tunategemea zaidi jedwali la mara moja kwa mwaka. Uchache huo ndio uliowafanya wasomaji wetu kuwa makini: kila mstari hupigwa rula.

Somo kubwa zaidi lilikuwa Umeme, msambazaji wa umeme nchini. Kampuni hiyo iliingia soko la hisa la Uganda mwishoni mwa 2012 kwa shilingi 275 kila hisa, mwenye hisa mkuu, Actis, akibaki na asilimia 60. Mwaka 2014 Actis ikauza hadi ikabaki na 14.3, mwaka 2016 ikamaliza. Wengi huko mitaani walisoma hofu. Mzee aliuliza maswali mawili tu: anayeuza anasukumwa na nini, na anayenunua ni nani? Mfuko wa aina ya Actis hukusanya fedha za watu kwa miaka maalumu, kisha hulazimika kuzirudisha. Kuuza kwake ni kalenda kabla ya kuwa hukumu. Kalenda ya pili ilikuwa ya Umeme yenyewe: mkataba wa miaka 20 ulioanza Machi 2005. Ukaisha Machi 2025, serikali ikachukua nyaya, na ubishi wa fidia ukapelekwa kwa wasuluhishi London.

Na mnunuzi? Baada ya Actis kutoka, jina la juu kabisa lilikuwa NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi, ukiwa na takriban asilimia 23. Mzee hakusogeza rula. Alinitaka nimwonyeshe hati yangu ya mshahara. Pale palikuwa na makato yangu ya asilimia 5, na mwajiri akiongeza 10, yakielekea makao ya NSSF, Workers House, barabara ya Pilkington.

“Basi soma tena,” akasema. “Safari hii ujue unamsoma nani.”

Nikaanza upya kutoka mstari wa kwanza, polepole.