Kiongozi ni mchungaji? Tuzipime istiara, tusizitaje tu

MIAKA kadhaa iliyopita nilikuwa Lafey, Kaunti ya Mandera, nikifundisha tamathali za usemi katika kidato cha tatu. Nikaandika ubaoni: "Kiongozi ni mchungaji wa watu." Nilitarajia jibu la vitabuni, istiara, na nikalipata. Kisha kijana wa dawati la nyuma akainua mkono. "Mwalimu, lakini mchungaji si huwapeleka mbuzi sokoni?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi nikakwama.

Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri ya Plato, Thrasymachus anamwambia Socrates takriban neno hilo hilo: mchungaji hunenepesha kondoo kwa faida yake na ya bwana wake, na watawala ni vivyo hivyo. Socrates anajibu kwamba uchungaji, ukiwa ufundi, hutafuta heri ya mnyama tu. Kupata ujira ni ufundi mwingine. Jibu hilo halijawahi kuniridhisha, wala sidhani lingemridhisha yeyote aliyewahi kusimama katika soko la mifugo.

Jibu zito zaidi limo katika Politikos. Humo Mgeni kutoka Elea anamfafanua mfalme kuwa mchungaji wa kundi la binadamu, kisha anajishuku. Mchunga ng'ombe hana mshindani: ndiye mlishaji, ndiye tabibu, ndiye mkunga wa kundi lake. Mfalme akijiita mlishaji wa watu, wafanyabiashara, wakulima, waoka mikate na matabibu watasimama wote waseme: na sisi je? Isitoshe, mchungaji si mbuzi, ilhali mtawala ni mtu kama anaowatawala. Basi unatafutwa mlinganisho mwingine: ufumaji wa sufu, mtande na mshindio, watu jasiri na watu watulivu wakiunganishwa kuwa kitambaa kimoja.

Hapa ndipo sisi walimu wa lugha tungefaa kutega sikio. Kabla ya kuingia katika ufumaji, Mgeni anaeleza kazi ya mlinganisho kwa mfano wa watoto wanaojifunza kusoma. Mtoto huzitambua herufi katika silabi fupi, akazikosea katika nyingine ngumu. Mwalimu humrudisha kwenye silabi anazozijua, akaziweka kando ya zile zinazomshinda, hadi aone ufanano. Yaani mlinganisho ni chombo cha kujulia jambo, si ushanga wa kuvisha sentensi.

Mitihani yetu je? "Tambua tamathali iliyotumika." Mwanafunzi huandika "istiara", akapata alama yake, imekwisha. Hakuna anayemuuliza inashika wapi na inavunjika wapi. Akikua, mgombea humwambia jukwaani kwamba yeye ni baba, ni mchungaji, ni dereva, naye hupiga makofi. (Ajabu ya dereva ni kwamba abiria ndiye anayemlipa, na hushuka atakapo.)

Kesho yake niliwaomba watafute mfano mwafaka zaidi. Msichana mmoja akapendekeza msusi wa ile mikeka ya kufunikia nyumba za wafugaji, kama afanyavyo nyanya yake. Nilifurahi mno. Kabla sijaandika, yule kijana akauliza: "Na nyuzi mbovu zinazotupwa, hao ni akina nani?"

Nikamwambia ukweli: katika Politikos, wasiofaa kufumwa huuawa ama hufukuzwa nchini. Hakuna aliyecheka. Mjadala ulimeza kipindi chote cha ufahamu, nami sikujuta.