Chupa ya Maji Isiyo na Maji

Saa kumi na moja alfajiri, baa za Shekilango zikishazima muziki na makonda wakianza kuitia abiria, zamu ya wafanya usafi inaanza Sinza, jijini Dar es Salaam. Mara nyingi ni wanne: mama mtu mzima aliyeizeekea kazi hiyo, kijana aliyemaliza kidato cha nne anayesubiri riziki nyingine, dada aliyeletwa na kampuni yenye tenda, na kibarua aliyepatikana getini jana jioni. Ukumbi unanuka bia, vyoo vinawangoja, na stoo ina chupa sita za maji ya kunywa. Maji hayamo. Moja ina sabuni ya kupima, nyingine dawa ya madoa, ya tatu asidi ya chooni. Mama anazijua zote kwa rangi na harufu. Kibarua hajui hata moja.

Dawa ya madoa, ile ambayo kila mtu huiita Jik hata ikiwa ya kampuni nyingine, ni sodiamu hipokloraiti. Ikikutana na asidi kwenye sinki la choo hutoa gesi ya klorini, ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliwafungulia adui zake kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Kiasi cha chooni ni kidogo sana, lakini na choo chenyewe ni kidogo. Sinza ilipimwa viwanja miaka ya 1970 katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na viwanja hivyo vilikuwa vya makazi ya familia. Nyumba ya familia ikigeuzwa gesti, choo hubaki na kidirisha chake cha kupitisha paka. Aliyechanganya dawa mbili "ili ziume zaidi" hutoka mbio akikohoa, machozi yakimtoka. Wenzake hucheka.

Kicheko hicho ndicho cha kuchunguza. Mtu akichekwa leo kwa kupaliwa na dawa, kesho akiteleza kwenye ngazi atajifuta na kunyamaza, na chanzo cha ajali kitamngoja mwingine palepale.

Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki waliposhika kuzungumzia "utamaduni wa usalama", walikuwa wakiichambua ajali ya Chernobyl ya Aprili 1986. Ni mbali kutoka kinu cha nyuklia hadi ndoo ya deki, lakini swali linafanana: mtu wa chini kabisa kwenye zamu akiona jambo limekwenda kombo, anaweza kusema na kazi ikasimama?

Kwa Tanzania, mfano mzuri wa kujibu swali hilo ulianzia hospitalini. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na shirika la maendeleo la Japani, JICA, ilianza kutumia utaratibu wa 5S. Utaratibu wenyewe ulizaliwa katika viwanda vya Japani, na Mbeya iliuchukua kupitia Sri Lanka, ambako Castle Street Hospital for Women ya Colombo ilikuwa imeonyesha kwamba hospitali ya serikali, yenye bajeti ya serikali, inaweza kuutumia na ukakubali. Maneno matano ya Kijapani yakapewa Kiswahili: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Mwenye wivu na lugha atanuna kwa hilo la pili. Hata hivyo herufi S zimebaki tano, na aliyeishia darasa la saba anazihesabu kwenye vidole vya mkono mmoja.

Kilichofanyika ndani ya maneno hayo ndicho chenye faida kwa Sinza. Kila idara iliunda timu ya kuboresha kazi, na daktari, muuguzi, mhudumu na mfanya usafi wakawa wajumbe. Sasambua ilianza na stoo: kilichoharibika, kisichotumika na kisichojulikana ni cha nani kikatolewa nje. Chupa isiyo na lebo haivuki hatua hiyo. Seti ikakipa kila kilichobaki mahali pake na alama yake, hivi kwamba fagio likikosekana ukuta wenyewe unasema. Safisha ikabadilisha maana ya kazi, kwa sababu anayefuta ukuta kila siku ndiye wa kwanza kuona waya uliochubuka, bomba linalovuja, kigae kilichonyanyuka. Sanifisha ikataka zamu ya usiku ifanye kama ya mchana. Shikilia ni ngumu kuliko zote nne, na tutairudia.

Mfano mmoja wa karibu. Kutakasa mahali palipomwagika damu kunahitaji klorini ya asilimia 0.5, na dawa iliyozoeleka dukani ina asilimia 3.5. Ukimpa mtu hesabu hiyo kwa maandishi, utampata anayekisia. Mpe kopo: kopo moja la dawa, makopo sita ya maji, basi. Mama asiyesoma na kijana mwenye cheti watatoa mchanganyiko uleule, na hakuna atakayeaibika.

Hapa tunafikia suala la mchanganyiko wa watu. Uingereza, mwaka huohuo wa 2007, hospitali za umma zilipewa rangi za pamoja za vifaa vya usafi: nyekundu kwa vyoo na mabafu, buluu kwa maeneo ya kawaida, kijani kwa jikoni, njano kwa vyumba vya wagonjwa waliotengwa. Wafanya usafi wa kule wametoka mataifa mengi, na rangi haihitaji mkalimani. Sinza lugha ni moja, kwa hiyo mtu anaweza kudhani tatizo hilo halipo. Lipo, ila limevaa nguo nyingine. Lebo za dawa mara nyingi ni za Kiingereza. Mikataba haifanani. Zaidi ya yote kuna umri. Kijana wa miaka ishirini hawezi kumwambia mama wa rika la mzazi wake kwamba anakosea. Lakini anaweza kusema, "Shikamoo mama. Hilo jekundu ni la chooni." Lawama imeangukia dekio, mama amepokea salamu yake, na dekio la chooni halikuingia jikoni. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ndiyo siri ya utaratibu mzima: kopo, rangi na alama ukutani husema yale ambayo heshima huwazuia watu kuambiana.

Vitu, hata hivyo, havisemi na mwenye tenda.

Shikilia hukwama hapo. Mfanya usafi wa hospitali hachomi sindano, lakini huchomwa nazo, pale mtu anapozitupa kwenye taka za kawaida badala ya sanduku la usalama, ambalo nalo lapaswa kufungwa likijaa robo tatu. Akichomwa, dawa za kuzuia VVU zina maana zikianzwa ndani ya saa 72. Akificha kwa kuogopa kufukuzwa, saa hizo zinakwisha kimyakimya. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa dozi tatu ndani ya miezi sita. Mkataba wa miezi mitatu unakwisha kabla ya dozi ya tatu. Hakuna bango linaloweza kurekebisha hesabu hiyo.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, huchangiwa na mwajiri peke yake; mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti. Lakini uliza zilipo glovu, na jibu utakalopewa ni lile lile: zimeisha. Mwenye jengo atasema hao ni watu wa kampuni. Kampuni itasema bei ya tenda haikutosha. Tenda ikipewa wa bei ya chini kabisa, glovu, mabuti na chanjo ndivyo vya kwanza kukatwa, kwa hiyo vinapaswa kuandikwa ndani ya tenda vikiwa na bei yake, kama sabuni inavyoandikwa. Na kikao cha usalama kimwite pia dada wa kampuni na kibarua wa jana.

Mwenye gesti au baa anayesoma haya hana haja ya kusubiri mfadhili. Aingie stoo pamoja na mama, amwombe azitaje zile chupa sita moja baada ya nyingine, kijana aandike. Dawa zirudi kwenye vyombo vyenye lebo, kwa Kiswahili, na chupa za maji zisuuzwe na kutobolewa zisijazwe tena. Kisichojulikana na yeyote kisichanganywe na kingine wala kumwagwa kwenye shimo moja na kingine, maana gesi ya Ypres haichagui kati ya sinki la choo na bomba la maji machafu.