Mchoro Mzuri, Amplifaya Mbovu

Juzi nilionyeshwa amplifaya ya megahezi 1420 ikimwagiwa sifa kama bi harusi. Eti kwa sababu skrini ya NanoVNA, kile kipimio kidogo cha mawimbi, ilionyesha mawimbi yanayorudi mlangoni yako chini kwa desibeli 25. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaomba bisibisi.

Anayeijua kazi hii akiona mlango wa mbele umelingana hivyo na omu 50, hushtuka kwanza. Transista ina sehemu yake inapotoa kelele kidogo, na mara nyingi si ile inapopokea nguvu yote. Fundi huchagua kelele ndogo, mchoro ukawa na sura mbaya, naye akalala usingizi. Wapo wanaopata vyote viwili kwa kuacha induktansi kidogo kwenye miguu ya sosi. Hao ni wachache, na kazi yao utaitambua ukigeuza bodi: matundu ya ardhi mengi, yamebanana karibu na miguu. Tundu moja kwa kila mguu? Mimi sihangaiki nayo.

Ndani ya ile iliyosifiwa nilikuta rezista tatu ndogo kabla ya transista. Padi ya desibeli 3! Ulaghai wa siku nyingi: hupunguza marejeo kwa desibeli 6, humtuliza mnyama anayetaka kupiga kelele mwenyewe, kisha huongeza desibeli 3 kamili kwenye namba ya kelele. Kinachopotea kabla ya transista ya kwanza hakirudi, hata ya pili ikiwa ya dhahabu. Hesabu yake iko wazi tangu Harald Friis wa Bell Labs alipoiandika mwaka 1944.

Kelele hiyo huhesabiwa pia kwa kelvini. Wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson, pale Holmdel, New Jersey, waliidai kila kelvini ya kelele: anga, kuta za antena, maungio. Maungio wakayabandika utepe wa alumini, njiwa wakawafukuza, kinyesi wakakikwangua. Zikabaki kelvini 3.5 hivi zisizo na mwenyewe, wakazitangaza mwaka 1965. Ndiyo mionzi iliyosalia tangu ulimwengu ulipoanza, na Nobeli ya 1978 ikafuata. Nawe desibeli 0.1 ya kiunganishi kibovu, katika joto la chumbani, ni karibu kelvini 7.

Filta nayo ni hivyo hivyo. Wageni huhesabu resoneta. Zaidi ya tatu ni majivuno. Ukipunguza upana wa ukanda nusu kwa Q (ubora wa resoneta) ile ile, hasara inakuwa maradufu, kwa hiyo anayejisifia megahezi 10 kwa koili za kubandika anakuuzia hita. Tazama mabega ya mchoro: yakiwa ya mviringo, Q ni duni. Na filta hukaa nyuma ya transista ya kwanza, isipokuwa mnara wa simu wa megahezi 900 au 1800 umekukalia kichwani. Hapo iweke mbele, na utumie ya boksi la shaba lililopakwa fedha, linalosawazishwa kwa skrubu. Siku hizi nani ana subira ya skrubu?

Kupima hakuhitaji maabara. Elekeza antena angani palipo wazi, kisha igeuzie ardhini. Amplifaya safi ya 1420 huonyesha kelele ikipanda desibeli 6 au zaidi. Ile ya padi haikufika 3.