Kuhesabu Mara Mbili

Mwaka 1893, huko Arequipa nchini Peru, kioo cha picha kiliwekwa kwenye darubini iliyoelekezwa kwenye fungunyota la Omega Centauri, kikanywa nuru kwa saa mbili. Kiliposafishwa, nyota zikatokea nyeusi, nukta kwa nukta, zimebanana katikati na kuachana pembeni. Mwanaastronomia Solon Bailey wa Harvard na mkewe wakaketi kuzihesabu. Walipomaliza, wakaanza upya. Wastani wa hesabu hizo mbili ulikuwa nyota 6,389.

Mimi naiheshimu ile hesabu ya pili kuliko namba yenyewe. Nani angewashtaki wangeishia ya kwanza?

Jioni za Mei, mawingu ya masika yakikubali, hata Dar es Salaam unaliona fungunyota hilo: juu ya kundinyota la Salibu, upande wa kushoto, kama nyota moja iliyofifia. Ptolemy, mwanaastronomia wa kale, aliliorodhesha kuwa nyota. Kumbe ni tufe la nyota zipatazo milioni 10, umbali wa miaka nuru 17,000 hivi, na nyingi zina umri wa miaka bilioni 12. Jua letu halijafika hata bilioni 5. Mbele ya milioni 10, hesabu ya akina Bailey ni ndogo, lakini ni ya kile ambacho kioo kiliwaonyesha, bila kutia chumvi.

Bailey hakuishia hapo. Alilinganisha vioo vya saa na siku mbalimbali, akakuta nyota zaidi ya 100 zinazobadilika mwanga, nyingi zikipanda haraka na kushuka polepole kwa muda usiozidi siku moja. Kwa binadamu ukigeugeu ni aibu. Nyota hizi ndizo zilizotupa kipimo cha umbali. Mwanga wao halisi unakaribiana, kama karabai za wavuvi wa dagaa usiku: inayoonekana hafifu ndiyo iliyo mbali. Bailey ndiye aliyemshauri kijana Harlow Shapley ayachunguze mafungunyota ya aina hii, na kufikia 1918 Shapley alikwisha kuonyesha kwa kipimo hicho kwamba Jua haliko katikati ya Njia Nyeupe. Kitovu kiko mbali, upande wa kundinyota la Mshale.

Harvard bado inatunza vioo vya zamani zaidi ya 500,000. Natamani kushika kimoja cha Arequipa mbele ya dirisha, nianze pembeni, nyota zilikoachana, niingie taratibu hadi zinapobanana.